Wito wa Kisimani: Homoni, Jeni na Saratani ya Utumbo Mpana



Leo tunalo swali ambalo kina mama huulizana kliniki, na mara nyingi huuliza kwa sauti ya chini: je, homoni zilizomo katika sindano na tembe za kupanga uzazi huleta saratani ya tumbo? Wako walioacha kupanga uzazi kwa sababu ya hofu hiyo. Na wako wengine wanaoona damu katika haja kubwa, wakasema ni bawasiri ya uzazi, wakanyamaza. Mambo haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yanakutana mahali pamoja, ndani ya seli za utumbo mpana. Ili tuelewe, turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, tufuate jinsi watu walivyopata kujua kwamba homoni huzungumza na jeni. Tega sikio, na kama jirani yuko karibu, mwite naye asikie.

Utumbo mpana na kitabu chake

Chakula kikitoka tumboni hupita kwanza katika utumbo mwembamba. Kisha mabaki huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa karibu mita moja na nusu, unaoishia kwenye njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kufyonza maji na kutengeneza choo. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na seli, yaani vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Seli hizo huchakaa upesi, na kila baada ya siku chache seli mpya huchukua nafasi ya zile za zamani.

Ndani ya kila seli kuna jeni. Fikiria jeni kuwa kurasa za kitabu cha maagizo tulichorithi kwa baba na mama. Seli ya jicho na seli ya utumbo zina kitabu kile kile, lakini kila moja husoma kurasa zinazoihusu. Ukurasa ukifunguliwa, agizo lake hutekelezwa. Ukifungwa, agizo hulala. Kuna ukurasa unaosema "ongezeka", kuna unaosema "basi, simama", na kuna unaosema "umechakaa, sasa ufe". Saratani huanza pale kurasa za kusimamisha zinapoharibika au kufungwa, na zile za kuongezeka zinapobaki wazi usiku na mchana.

Katika utumbo mpana, ugonjwa huu mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kisichouma. Huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi, kabla ya kinyama hicho kugeuka saratani. Hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kulala chumba kimoja. Wala si laana ya mtu.

Sasa swali ni hili: ni nani anayefungua na kufunga kurasa hizo? Wafunguaji ni wengi, na mmoja wao ni homoni.

Homoni ya kwanza ilitoka tumboni

Tarehe 16 Januari 1902, jijini London, Uingereza, wataalamu wawili walimfanyia mbwa uchunguzi. Walikuwa William Bayliss na Ernest Starling, na tena walikuwa mashemeji. Siku hizo wataalamu wengi waliamini kwamba habari zote za mwili hupitia kwenye neva. Basi wakakata neva zote za kipande cha utumbo mwembamba, kisha wakatia asidi kidogo katika kipande kile. Kwa imani ya wakati ule, kongosho halikupaswa kupata habari yoyote. Lakini kongosho lilimwaga maji yake kama kawaida. Habari ilikuwa imesafiri kwa njia ya damu.

Kitu hicho kilichosafiri wakakiita sekretini. Mwaka 1905 Starling akatumia neno "homoni" kwa vitu vya namna hiyo, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kuchochea. Ndiyo maana kwa Kiswahili huitwa pia vichocheo. Angalia jambo hili, mama: kitu cha kwanza kupewa jina la homoni kilipatikana katika utumbo. Tangu mwanzo, homoni na tumbo ni majirani.

Wewe mwenyewe umeyaona hayo mwilini mwako. Ukiwa mjamzito, homoni iitwayo projesteroni huongezeka na kulegeza misuli ya utumbo. Chakula huenda polepole, choo huwa kigumu, na wengi hupata bawasiri. Hiyo ni homoni ikizungumza na utumbo wako.

Wote wanasikia, wanaokuja ni wachache

Homoni huzunguka na damu mwili mzima. Mbona basi haiamshi kila seli? Mfugaji ana jibu lake. Nenda kwenye visima vya Wajir wakati wa kiangazi. Makundi ya ngamia yamekusanyika, kila kundi likingoja zamu. Mchungaji anaimba wito wake. Sauti inafika kwenye masikio ya ngamia wote, lakini wanaosogea kwenye hori la maji ni wale wanaoujua wito ule. Wengine wanasimama pale pale.

Homoni ni kama wito huo, na seli inayoujua wito ina sikio lake, ambalo wataalamu huliita kipokezi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chicago, Marekani, aliweka alama ya miali kwenye homoni ya kike iitwayo estrojeni, akaifuata katika miili ya panya. Akaona kwamba katika misuli ilipita tu, lakini katika mfuko wa uzazi ilinaswa na kukaa. Mfuko wa uzazi ulikuwa na masikio.

Mwaka 1960, wataalamu wawili wa Ujerumani, Ulrich Clever na Peter Karlson, waliona jambo jingine kubwa. Walichukua funza wa mdudu mdogo anayefanana na mbu, wakamdunga homoni inayomfanya mdudu ajivue gamba. Kisha wakatazama nyuzi za jeni zake kwa hadubini. Baada ya muda mfupi nyuzi zile zilivimba mahali fulani fulani. Palipovimba ndipo palipokuwa pakisomwa. Hapo watu waliona kwa macho homoni ikiamsha jeni. Kumbe wito haukomei mlangoni pa seli. Unaingia hadi ndani na kufungua kitabu.

Watawa na wanawake wa Marekani

Hadi hapo, homoni za kike zilihesabiwa kuwa mambo ya matiti na uzazi. Nani angefikiri kwamba zina neno na utumbo mpana?

Dokezo lilitoka kwa watawa wa kanisa, wanawake ambao hawaolewi wala hawazai. Mwaka 1969 Joseph Fraumeni na wenzake huko Marekani walichapisha hesabu ya vifo vya watawa kutokana na saratani. Saratani ya matiti ilikuwa nyingi kwao, jambo lililojulikana tangu zamani. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo ilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1980, Anthony McMichael na John Potter wa Australia wakaandika kwamba huenda homoni za uzazi zinaugusa utumbo mpana pia. Wakati huo lilikuwa ni wazo tu, likingoja ushahidi.

Ushahidi ulikuja kwa njia ambayo wengi hawakuitazamia. Katika miaka ya 1990, Marekani ilianza utafiti mkubwa wa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Katika sehemu moja ya utafiti huo, wanawake 16,608 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa tembe za estrojeni pamoja na homoni ya jamii ya projesteroni, na fungu la pili lilipewa tembe zisizo na dawa. Mwaka 2002 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopewa homoni walipata zaidi saratani ya matiti, mshtuko wa moyo, kiharusi na damu kuganda. Lakini katika hesabu hiyo hiyo, saratani ya utumbo mpana ilikuwa pungufu kwa zaidi ya thuluthi moja.

Je, basi tuseme homoni ni dawa ya kuzuia saratani ya utumbo? Hapana, mama. Mwaka 2004 watafiti walitazama tena kwa makini. Wakakuta kwamba wanawake waliotumia homoni na bado wakapata saratani hiyo, ugonjwa wao uligunduliwa ukiwa umeenea zaidi. Na sehemu nyingine ya utafiti, ambapo wanawake walipewa estrojeni peke yake, haikuonyesha upungufu wowote wa saratani ya utumbo mpana. Kwa hiyo, mtu akikuletea tembe za homoni sokoni akisema zinazuia saratani ya tumbo, usizinunue.

Sikio la pili

Mbona homoni moja ilete madhara kwenye titi, na kwenye utumbo ionekane kutuliza? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1996 huko Sweden. Jan-Åke Gustafsson na wenzake waligundua kwamba estrojeni ina masikio ya aina mbili, si moja kama ilivyodhaniwa. Sikio la kwanza, likiisikia estrojeni kwenye titi, hufungua kurasa za kuongezeka. Sikio la pili mara nyingi huzifunga. Na utumbo mpana ulio mzima hutumia zaidi sikio la pili.

Saratani ya utumbo mpana inapokua, sikio hilo la pili hupungua. Wito unaendelea kuitwa, lakini seli haisikii tena. Mwaka 2009 kundi la Gustafsson lilichukua seli za saratani ya utumbo mpana zilizokuzwa maabarani na kuzirudishia sikio lile. Seli zikapunguza mwendo wa kuongezeka. Jeni moja iitwayo MYC, ambayo huhimiza seli zigawanyike, ilisomwa kidogo kuliko awali. Seli hizo zilipowekwa katika miili ya panya, uvimbe wake ulikuwa mdogo zaidi.

Hayo ni mambo ya maabara na panya, bado hayajawa matibabu ya wodini. Lakini yametufundisha kwamba homoni yenyewe si sumu wala si dawa. Ni wito. Kinachotokea kinategemea ni seli gani inayosikia, kwa sikio gani, na ukurasa upi unafunguliwa.

Sasa jibu la swali la kina mama

Turudi kwenye kupanga uzazi. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limezipima tembe zenye homoni mbili, estrojeni na projesteroni, zaidi ya mara moja. Lilisema wazi kwamba tembe hizo huongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti, ya mlango wa uzazi na ya ini. Lilisema pia kwamba hupunguza hatari ya saratani ya mji wa mimba na ya ovari, na kwamba ushahidi unaelekea upande huo huo kwa utumbo mpana. Ongezeko la saratani ya matiti hupungua pole pole baada ya mama kuacha tembe. Na kuhusu sindano ya miezi mitatu, hakuna ushahidi kwamba huleta saratani ya utumbo mpana.

Kwa hiyo, hooyo, usiache kupanga uzazi kwa kuogopa saratani ya tumbo. Mimba zinazofuatana bila nafasi zina hatari iliyo karibu zaidi, nawe umeiona kwa macho yako katika kijiji chako. Lakini kabla ya kuchagua njia, mwambie muuguzi kama umewahi kuwa na uvimbe wa titi, kama una shinikizo la damu, ugonjwa wa ini, au kama katika familia yenu kuna saratani. Ziko njia zisizo na homoni, kama vile koili ya shaba. Uliza, uelezwe, kisha uchague.

Daktari wa Kampala na jeni ile ile

Jeni ya MYC tuliyoitaja ina historia hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto. Wakati wa vita vya pili vya dunia alihudumu jeshini nchini Kenya na Somaliland. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, Uganda, na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata Burkitt aliandika juu ya saratani hiyo ya watoto, ambayo leo inabeba jina lake. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili maelfu ya maili, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza kila hospitali kama wameuona ugonjwa ule.

Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani waligundua chanzo ndani ya seli za saratani hiyo. Ukurasa wa MYC ulikuwa umetoka mahali pake ukabandikwa karibu na ukurasa ambao huwa wazi daima. Kwa hiyo agizo la kuongezeka lilisomwa bila kukoma. Katika saratani ya utumbo mpana ukurasa hauhami hivyo, lakini jeni hiyo hiyo mara nyingi husomwa kupita kiasi.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, lakini swali jingine lilimfuata kutoka Afrika. Katika hospitali za Uganda aliona saratani ya utumbo mpana kwa nadra sana, huku Uingereza ikiwa ya kawaida. Ni kweli kwamba siku hizo wengi vijijini walikufa bila kupimwa, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya choo. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa kama siku moja na nusu. Waingereza waliopimwa walitoa kama gramu 100, na chakula kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt akasema tofauti inatokana na makapi, yaani nyuzinyuzi za nafaka isiyokobolewa, maharagwe, viazi na mboga.

Wakati ule alidhani makapi yanasaidia kwa kusukuma uchafu upesi. Baadaye ilijulikana kwamba kuna jambo zaidi. Vijidudu vyema vya utumbo mpana huyala makapi hayo na kutengeneza kitu kiitwacho butireti. Seli za utumbo mpana hukitumia kama chakula chao. Na katika miaka ya 1970 maabara zilionyesha kwamba butireti huingia ndani ya seli na kubadilisha namna kurasa za jeni zinavyofunguka. Si homoni, lakini nayo hutoa wito.

Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la kubadilishana vyakula. Wamarekani weusi 20 walikula kama wanakijiji wa Afrika Kusini, na wanakijiji 20 wakala kama Wamarekani. Ilichukua wiki mbili tu. Waliopewa makapi mengi, butireti yao iliongezeka na dalili za hatari katika utumbo zikapungua. Kwa waliobadilishiwa upande wa pili, mambo yalikwenda kinyume.

Sukari, jua na maisha ya mjini

Kuna homoni nyingine ya kutazamwa, nayo ni insulini, iliyopatikana mwaka 1921 mjini Toronto, Kanada. Kazi yake ni kuingiza sukari ya damu ndani ya seli. Lakini insulini pia huziambia seli zikue, na seli za utumbo mpana zina masikio yake. Mwaka 1995 Edward Giovannucci wa Marekani aliandika kwamba insulini nyingi ya muda mrefu huenda inachochea saratani hii. Tangu hapo tafiti nyingi zimeonyesha kwamba watu wanene na wenye kisukari cha ukubwani huipata zaidi, na wanaofanya kazi za mwili huipata kidogo.

Tujiangalie. Zamani tulitembea na mifugo kutwa. Leo wengi wetu tuko mjini. Tunakaa zaidi, chai ina sukari vijiko vinne, anjera ni ya unga mweupe, na chakula cha mchana ni wali au pasta. Sisemi turudi porini. Nasema tupunguze sukari kijiko kimoja kimoja. Tuchanganye unga wa mtama katika anjera. Tupike ndengu na kunde. Tununue sukuma wiki, papai na embe za mashamba ya Mto Tana. Maziwa tuendelee nayo, kwani watu wanaokunywa maziwa huelekea kupata saratani hii kidogo. Nyama nyekundu iwe kiasi.

Na jua? Vitamini D, inayotengenezwa na ngozi kwa jua, ikishapita kwenye ini na figo hugeuka kuwa homoni. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Marekani, Cedric na Frank Garland, waliona vifo vya saratani ya utumbo mpana vikiwa vingi zaidi katika sehemu zenye jua haba. Mwaka 2001 maabara moja ya Uhispania ilionyesha kwamba homoni hiyo hufungua jeni inayozifanya seli za utumbo zishikane vizuri badala ya kutawanyika. Lakini mwaka 2006, utafiti ule mkubwa wa wanawake wa Marekani ulionyesha kwamba vidonge vya vitamini D na kalisi, vilivyotumiwa kwa miaka saba, havikupunguza saratani hii. Ni somo lile lile: linalotokea katika kichupa cha maabara si lazima litokee kwa mtu. Hata hivyo mifupa yako na ya mwanao inahitaji vitamini hiyo. Ukiwa ndani ya ua wako, kwa faragha, acha mikono na miguu ipate jua kidogo, na umtoe mtoto naye apate.

Usinyamaze

Saratani ya utumbo mpana si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Duniani ni ya tatu kwa wingi kati ya saratani zote. Mwaka 2008 madaktari wa upasuaji wa Nairobi, akiwemo Hassan Saidi, walichapisha hesabu ya wagonjwa waliopasuliwa kati ya mwaka 1993 na 2005. Wagonjwa walikuwa wakiongezeka, na wengi wao hawakuwa wazee.

Kwa hiyo shika dalili hizi: damu katika choo, nyekundu au nyeusi kama lami, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kikawa kigumu au cha kuharisha, au chembamba kuliko kawaida, maumivu ya tumbo yasiyokwisha, kupungua uzito bila sababu, na upungufu wa damu, hasa kwa mwanamume, au kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi. Bawasiri ni kweli iko, nayo ni nyingi baada ya uzazi. Lakini bawasiri na saratani zote hutoa damu, na hakuna awezaye kuzitofautisha akiwa nyumbani. Lazima zipimwe.

Najua haya inatuzuia. Mama anaona aibu kusema habari za choo mbele ya mgeni, na zaidi mbele ya mwanamume. Unayo haki ya kuomba mhudumu mwanamke, na ya kuja na dada yako au shangazi. Sema tu, "Natoa damu katika haja kubwa." Maneno hayo matano yanatosha kuanzia. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wao watakuandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa ina kituo cha saratani kwa ajili ya eneo letu. Miongozo ya Wizara ya Afya ya mwaka 2018 inashauri kwamba hata mtu asiye na dalili aanze kupimwa akiwa na miaka 45, na mapema zaidi ikiwa mzazi, ndugu au mtoto wake amepata saratani hii. Kipimo cha kwanza chaweza kuwa cha choo tu, kutafuta damu isiyoonekana kwa macho.

Kinyama kikipatikana mapema huondolewa kabla hakijawa saratani. Saratani ikikutwa ikiwa bado kwenye ukuta wa utumbo, wengi hupona kwa upasuaji. Ikikutwa imeenea kwenye ini, kazi huwa ngumu. Tofauti mara nyingi ni muda ambao mtu amenyamaza.

Mama, imewachukua wataalamu zaidi ya miaka mia moja kuelewa wito unaopita kati ya homoni na jeni, na kazi bado inaendelea. Wito unaokuhusu wewe ni mwepisi kuusikia. Mwili ukitoa damu pasipostahili, unakuita. Itika mapema.

Mwambie mwenzako uliyoyasikia leo, na usimsahau ayeeyo, bibi yetu wa nyumbani, maana umri wake ndio unaohitaji kupimwa zaidi.